Baba alikuwa sajenti mstaafu, ametutoka ghafla. Tumkumbuke vipi inavyostahili? (Hamisi, Vihiga)

BintiWaHamisi

Hamjambo nyote. Baba yetu ametutoka ghafla usiku wa kuamkia Jumanne, nyumbani Hamisi. Hakuwa mgonjwa. Mwili uko mochari Mbale, na mazishi tumeyapanga Jumamosi ya wiki ijayo.

Alistaafu jeshini 2003, kikosi cha 3KR (Kikosi cha Tatu cha Kenya Rifles), Lanet. Kwenye sanduku lake tumekuta cheti cha kuachishwa jeshi kilichoanza kuchanika kwenye mikunjo, medali nne ndani ya mkebe wa majani ya chai, picha tatu (katika moja amevaa bereti ya buluu), na sare moja ya kombati. Mambo ya jeshi hakuwa akiyazungumza nyumbani. Tunachojua watoto ni kwamba alikwenda Namibia, na baadaye Sierra Leone.

Ami ameshaandika rasimu ya wasifu. Sehemu ya jeshi inasema hivi: "Alijiunga na KDF mwaka 1981, akapigana vita vya Namibia na vya Sierra Leone, akastaafu akiwa sinia sajenti." Mama anasema alikuwa sajenti tu. Nani ana haki, na tutajuaje?

Mengine: je, jeshi huja kwa mazishi ya mstaafu? Jeneza linaweza kufunikwa bendera? Ile tarumbeta ya kuaga askari tutaipata wapi huku? Medali tuzing'arishe? Mjukuu anataka kuvaa ile sare siku hiyo. Na tena sisi ni watu wa kanisa la Friends (Quaker), mchungaji ametuuliza kwa upole kama kutakuwa na bunduki. Tunaomba mwongozo kwa wanaoyajua haya.

Karani_Mbale

Poleni sana, dada. Nianze na karatasi, kwa sababu zikikwama Alhamisi hamtapata hata dakika ya kufikiria heshima za mzee.

Kifo cha ghafla nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu na kwa polisi pia. Kama hamjapata nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), mtu aende kesho asubuhi. Daktari hawezi kukisia chanzo cha kifo cha mtu ambaye hakuwa akimtibu, kwa hiyo upasuaji wa maiti utahitajika. Teueni mwanafamilia mmoja mtulivu wa kuutambua mwili, aende na kitambulisho cha marehemu na chake mwenyewe. Upasuaji usisukumwe hadi siku mbili kabla ya mazishi. Jina la daktari likiwa kwenye kesi nyingine siku hiyo, ratiba yenu yote inaanguka. Baada ya hapo taarifa ya kifo inaandikwa, mnapata kibali cha mazishi, na mochari haitautoa mwili bila hicho kibali na risiti za malipo.

Mahali ambapo familia za wanajeshi hukwama ni jina. Kijana wa miaka 18 aliandikishwa jeshini jinsi ofisa alivyolisikia jina lake, halafu kitambulisho kikaja na tahajia nyingine. Herufi moja tu ikitofautiana, ofisi inayolipa pensheni inarudisha faili. Leo hii wekeni kitambulisho, cheti cha jeshi na barua ya pensheni mezani, msome jina herufi kwa herufi. Taarifa ya kifo ifuate kitambulisho. Zikitofautiana, mtahitaji kiapo mbele ya wakili kinachosema majina hayo mawili ni ya mtu mmoja; si kazi ya wiki hii, lakini mjue mapema.

Cheti cha kifo msikiache kikapita miezi 6 bila kuandikisha, kwani baada ya hapo mnaingia kwenye utaratibu wa waliochelewa. Pensheni iliyoingia benki baada ya tarehe ya kifo isiguswe, itadaiwa. Iarifuni ofisi iliyoandikwa kwenye barua yake ya pensheni.

Na hili naliandika kwa uzito: usimpe mtu yeyote cheti halisi cha jeshi, hata akiwa jamaa anayesema "nakipeleka Nairobi." Toeni nakala kumi. Matapeli husoma matangazo ya vifo. Watampigia mama, watataja cheo cha mzee na kikosi chake sawasawa, kisha waombe pesa kidogo ya kuharakisha kiinua mgongo. Ndiyo maana nambari ya jeshi na ya kitambulisho haziwekwi kwenye programu ya mazishi wala kwenye tangazo la WhatsApp.

Mkongwe_Lanet

Pole dada, na pole kwa mama. Nitajibu la wasifu kwanza, maana ndilo litakalobaki baada ya maua kukauka.

Ile sentensi ya ami ina makosa manne, na kila mstaafu atakayeketi kwenye hema atayasikia.

La kwanza, "alijiunga na KDF mwaka 1981." Jina KDF (Majeshi ya Ulinzi ya Kenya) lilikuja na Katiba ya 2010. Aliyeandikishwa 1981 aliingia Jeshi la Nchi Kavu la Kenya, na alipostaafu 2003 jina KDF lilikuwa bado. Andikeni "Alijiunga na Jeshi la Nchi Kavu," kisha kikosi: Kikosi cha Tatu cha Kenya Rifles, Lanet, Nakuru. (Kwa wenye wazee wa jeshi la wanahewa wanaosoma hapa: baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 jeshi hilo lilivunjwa na likaitwa 82 Air Force hadi 1994. Cheti cha mzee kikisema hivyo, si kosa la chapa, msikirekebishe.)

La pili, cheo. Mama na ami wasibishane, cheti kiamue. Sajenti na sinia sajenti ni vyeo viwili tofauti, na kumpandisha mtu cheo akiwa kwenye jeneza ni kumkosea, hata kama nia ni njema. Alichokipata alikitolea jasho, kinatosha. Angalieni cheo alichokuwa nacho siku ya kuachishwa. Picha isitangulizwe mbele ya karatasi, kwa sababu inaweza kuwa ya miaka kumi kabla.

La tatu, "akapigana vita vya Namibia." Umoja wa Mataifa ulipeleka Namibia kikosi kilichoitwa UNTAG, kuanzia Aprili 1989 hadi Machi 1990. Vikosi vya askari wa miguu vilikuwa vitatu: cha Kenya, cha Finland na cha Malaysia. Kazi ilikuwa kusimamia usitishaji wa vita na kuwezesha uchaguzi wa Novemba 1989, na nchi ikapata uhuru 21 Machi 1990. Kwa hiyo sentensi sahihi ni "alitumikia kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa nchini Namibia." Hii ni sifa kubwa kuliko ile ya ami. Alisimama pale nchi ikizaliwa.

La nne, Sierra Leone. Kikosi cha Umoja wa Mataifa huko, UNAMSIL, kilianza Oktoba 1999 kikafungwa Desemba 2005. Wakenya walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kufika, na kuanzia Novemba 2000 kamanda wa kikosi chote alikuwa Mkenya, Jenerali Daniel Opande. Mei 2000 Wakenya waliokuwa Makeni na Magburaka walishambuliwa na waasi wa RUF. Hapa ndipo familia huteleza: wanasoma habari hiyo, kisha wanamweka baba yao Makeni. Askari walikuwa wakibadilishana zamu. Aliyekwenda 2002 hakuwa huko Mei 2000. Bila tarehe kwenye karatasi au nyuma ya picha, andikeni "alitumikia Sierra Leone chini ya Umoja wa Mataifa" na muishie hapo.

Tarehe mtazipata wapi? Geuzeni picha, askari wengi huandika nyuma. Tafuteni vyeti vilivyokuja na medali za Umoja wa Mataifa, na pasipoti ya zamani kama ipo. Kisha mpigieni mwenzake mmoja wa platuni, mmoja tu kwanza, mumwombe awape wengine wawili. Muulizeni maswali mafupi yenye majibu: mliandikishwa pamoja? Alikuwa kampuni gani? Kazi yake hasa ilikuwa nini, dereva, wa redio, wa mizinga midogo, storini? Nani alikuwa naye Namibia? Usimuulize "tuambie kuhusu baba," atalia au atanyamaza, na hutaandika kitu. Jambo likisemwa na mmoja tu, liache. Likisemwa na wawili walio mbali mbali, liandike. Agosti 1982 msimwingize popote bila karatasi.

Kazi yake mkiijua, iandikeni kwa jina. "Alikuwa dereva wa lori la tani nne" inamrudisha mtu mbele ya macho. "Alilitumikia taifa kwa uzalendo" inaweza kusomwa juu ya jeneza lolote.

Kuhusu jeshi kuja. Mazishi yenye gwaride kamili, bunduki za heshima na wabebaji wa jeneza waliovaa sare ni ya askari aliyefariki akiwa kazini. Kwa mstaafu, uamuzi ni wa jeshi na si haki ya kudai, lakini kuarifu ni lazima. Andikeni barua ya ukurasa mmoja: nambari ya jeshi, cheo, majina yote, kikosi, mwaka wa kuingia na wa kutoka, tarehe na mahali pa kifo, siku, saa na mahali pa mazishi kwa maelekezo ambayo dereva mgeni ataweza kuyafuata, na simu ya mtu mmoja atakayepokea. Toeni nakala mbili, moja kwa kikosi chake Lanet na nyingine kwa tawi la chama cha wastaafu, DEFOCA. Ipelekeni kwa mkono kabla ya Ijumaa hii. Barua inayofika siku mbili kabla ya mazishi inapata rambirambi tu.

DEFOCA ndio wenye uwezekano mkubwa wa kufika. Watakuja na suti, bereti na medali zao. Wapangieni viti pamoja, wasitawanywe, na muwape dakika saba zao kwenye programu. Watataka kusimama safu mbili kutoka nyumbani hadi kaburini, jeneza lipite katikati. Acheni mita mbili kati ya safu, wabebaji sita wanahitaji nafasi hiyo. Vijana wa familia wanaotaka kupiga saluti waambieni kanuni ya jeshi letu, tuliyoirithi kwa Mwingereza: bila kofia, mkono haupandi. Asiye na bereti husimama wima, mikono chini, macho mbele. Hiyo ni heshima kamili.

Bendera msijiamulie. Ikija na jeshi au kwa ruhusa yao, sawa. Jeneza la mtu mzima linahitaji bendera kubwa ya kutosha kushuka pande zote mbili. Ndogo zaidi ya hapo huonekana kama kitambaa cha meza. Hailalii chini, haiwekewi maua juu, na huondolewa na kukunjwa kabla jeneza halijashuka. Isipokuja, jeneza halijapungukiwa kitu: wekeni bereti yake na mto wenye medali, basi.

Bunduki: hapana kabisa kwa raia au hata rafiki aliye polisi akiwa likizoni. Na fataki msiruhusu, zinawatia kiwewe wale wale mliowaita.

Sare ya kombati mjukuu asivae. Ni kosa la sheria raia kuvaa sare ya jeshi, na polisi watakuwepo kwenye mazishi. Ikunjeni, mpeni mwakilishi wa jeshi au wa DEFOCA atakapofika, mbele ya shahidi. Mkikuta risasi au kitu kama bomu kwenye sanduku, usikishike wala usikihamishe, ita polisi.

Konet_Kakamega

Poleni sana. Wimbo mnaoutafuta unaitwa Last Post. Habari njema ni kwamba mko mahali pazuri kuupata. Jeshi la Wokovu lina bendi za shaba katika mitaa mingi ya Vihiga na Kakamega, na mpiga konet (tarumbeta fupi ya bendi) mzuri hukosi. Last Post iliandikwa kwa baragumu isiyo na vitufe, kwa hiyo kwenye konet ya B-flat unapigwa bila kubonyeza pistoni hata moja, midomo tu. Hapo ndipo ugumu ulipo. Noti ya juu hukatika kwa mtu ambaye hajapasha midomo. Mpigaji apewe dakika kumi nyuma ya nyumba kabla, na asikae na konet baridi kwa saa tatu za hotuba halafu aitwe ghafla.

Mpangilio ni huu: Last Post, kimya cha dakika moja au mbili, kisha Rouse, ule wimbo mfupi wa kuamsha ambao wengi huuita Reveille. Bila Rouse mmemlaza askari na hamjamwamsha, na kwa Wakristo hiyo ndiyo nusu yenye tumaini. Mpigaji asimame mbali na kaburi, hatua kama 20, mahali palipoinuka kidogo.

Kinachoharibika kila mara ni kimya. Watu hawajaambiwa, mmoja anaanzisha wimbo wa kanisa kwa huruma, wote wanafuata. Mshereheshaji aseme kabla: "Tutasikia tarumbeta, kisha tutakaa kimya dakika moja, msiimbe mpaka msikie tarumbeta ya pili." Mtu mwingine, si mshereheshaji, ashike saa. Mshereheshaji mwenye kipaza sauti mkononi hawezi kuvumilia sekunde 60. Atasema kitu akifika 25.

Mkikosa mpigaji, rekodi inafaa. Pakueni faili kwenye simu, msitegemee intaneti ya kijijini, na simu iwe kwenye hali ya ndege, la sivyo rambirambi ya M-Pesa italia katikati ya noti ya mwisho.

MzeeWaKanisa_Kaimosi

Nimeguswa na swali la mchungaji wenu, naomba familia isilichukue vibaya. Friends wako Kaimosi tangu 1902, na ushuhuda wa kutokubali vita ni wa msingi katika imani yetu tangu karne ya 17 huko Uingereza. Mchungaji hamkatai baba yenu. Anatafuta njia ya kumzika mshiriki wake bila kulisaliti fundisho la kanisa.

Nendeni kwake nyote wawili, wewe na mama, kabla programu haijachapishwa. Mpelekeeni mambo matatu yaliyo wazi: hakuna bunduki, hakuna sare za vita, na sehemu ya wastaafu itakaa wapi kwenye ibada. Kisha mwonyesheni zile medali. Medali ya Umoja wa Mataifa ina nembo na herufi UN upande mmoja, na ukiigeuza kuna maneno ya Kiingereza yenye maana ya "katika utumishi wa amani." Mpeni aishike mkononi, aisome mwenyewe. Mtu aliyekwenda Namibia na Sierra Leone kutenganisha wanaopigana ana mahali pake mbele ya kanisa la Friends.

Kimya nacho si kigeni kwetu. Friends wa mwanzo waliabudu kwa kimya. Sidhani kama mchungaji atakuwa na shida na dakika mbili, na huenda akapenda aziongoze yeye.

Napingana kidogo na wanaoweka sehemu ya jeshi kaburini. Kaburini ni pa mchungaji na familia. Wastaafu wamalize heshima zao uwanjani, mara tu baada ya wasifu na kabla ya mahubiri, kisha waingie safu wakati jeneza linaondoka.

Mkongwe_Lanet

@MzeeWaKanisa_Kaimosi nakubali safu na heshima zikae uwanjani. Lakini Last Post iachwe kaburini, baada ya mchungaji kumaliza sala na kabla ya udongo wa kwanza. Ukiupiga uwanjani, saa mbili kabla ya kuzikwa, halafu zifuate hotuba za wanasiasa, umepoteza maana yake. Kama mchungaji atakataa kabisa, basi iwe uwanjani na hotuba zote ziwe zimekwisha.

Na saa: Vihiga mvua hushuka alasiri. Ibada ianze saa nne kamili asubuhi, jeneza liwe kaburini kabla ya saa saba na nusu. Wastaafu wengi ni wazee, wasisimamishwe safu juani zaidi ya dakika kumi na tano.

Utepe_na_Shaba

Medali msizing'arishe. Dawa ya kung'arisha shaba hula maandishi na kingo, na ile rangi ya kahawia iliyokolea ndiyo sura halali ya medali ya zamani. Mkebe wa chai pengine umezisaidia, ni mkavu. Zifuteni kwa kitambaa laini kikavu, na utepe uachwe bila maji kwa kuwa rangi huchuja kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Utepe uliooza unaweza kubadilishwa, lakini si wiki hii, na ule wa zamani mtautunza.

Kabla hamjazitoa nyumbani, zipigeni picha moja moja, mbele, nyuma na ukingoni, mchana kivulini. Andikeni kilichosomeka. Medali ya Umoja wa Mataifa hutolewa baada ya kutimiza siku 90 katika kikosi, na kila kikosi kina utepe wa rangi zake. Kwa hiyo utepe peke yake utawaambia ni wa Namibia au wa Sierra Leone, mkiulinganisha na picha za tepe kwenye tovuti ya Umoja wa Mataifa. Ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuthibitisha wasifu.

Mpangilio wa medali kifuani msiubuni. Fuateni picha yake akiwa amezivaa. Kama hakuna, mwombeni mtu wa DEFOCA azipange.

Mto: sentimita 30 kwa 40, kitambaa cheusi au cha buluu iliyoiva, kisichoteleza. Pini za kawaida hufunguka jeneza likiinuliwa. Shoneni kila medali kwa uzi imara, mishono mitatu kupitia kipande cha chuma kilicho juu ya utepe, usipitishe sindano kwenye utepe wenyewe. Mjukuu aliyetaka kuvaa sare apewe kazi hii: abebe mto. Ni kazi ya heshima zaidi. Na mtu mmoja, jina lake likiwa kwenye ratiba, aupokee mto mara jeneza linapoanza kushuka, auingize ndani na kufunga mlango. Medali hupotea katika ile nusu saa ya chakula.

Mwanafamilia akitaka kuvaa medali za mzee, huvaliwa kifua cha kulia. Kushoto ni kwa aliyezipata mwenyewe.

ChapaKisumu

Nyongeza fupi kuhusu programu. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara moja inatoa kurasa 4, kwa hiyo kijitabu ni kurasa 8, 12 au 16. Familia huleta maandishi ya kurasa 10 na kushangaa kwa nini mbili ni tupu. Wasifu wa kusomwa usizidi maneno 550, hizo ni kama dakika tano kwa msomaji anayelia kidogo.

Picha ya zamani msiipige kwa simu ikiwa kwenye kioo. Itoeni kwenye fremu, iskaniwe kwa dpi 600, na faili itumwe kwa njia ya hati, maana WhatsApp ikiituma kama picha inaibana na uso unakuwa ukungu kwenye bango. Msiruhusu programu ya simu "kuirembesha." Hubadilisha rangi za tepe na beji ya bereti, na hapo mnamvalisha mzee medali ambazo hazijawahi kuwepo.

Cheti cha jeshi kisilaminetiwe. Joto huyeyusha wino wa mihuri ya zamani. Kiwekeni kwenye mfuko wa plastiki ulio wazi, kikiwa kimelazwa.

BintiWaHamisi

Asanteni kutoka moyoni. Tumekaa mezani na mama jioni hii. Cheti kinasema sajenti, mama alikuwa sahihi na ami amekubali. Mwaka wa kuingia ni 1980, si 1981. Kwenye mikunjo tarehe ya kutoka haisomeki vizuri, lakini barua ya pensheni ina 2003. Tepe mbili zimelingana na za Namibia na Sierra Leone. Nyuma ya picha ya bereti ya buluu kuna maandishi yake: "Novemba 89."

Mchungaji tunamwona kesho. Swali la mwisho: kaka anataka kujenga kaburi kwa saruji na jiwe la maandishi wiki hiyo hiyo. Ni sawa?

Mkongwe_Lanet

Novemba 89 ni mwezi wa uchaguzi wa Namibia. Wekeni picha hiyo jalada la mbele, na maneno yake yale yale chini yake.

Kaburi msiweke zege sasa. Udongo uliochimbuliwa hushuka, na mvua za Machi hadi Mei huushusha zaidi. Slabu iliyomwagwa mapema hupasuka katikati au huinama upande wa kichwa. Ngojeni mvua ndefu ziishe, mjazie udongo uliozama, ndipo mjenge. Kwa sasa msalaba wa mbao na kibao kinatosha.

Mkifika kwenye jiwe, maandishi yawe machache: Sajenti (Mstaafu), jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, Kikosi cha 3 Kenya Rifles, 1980–2003, kisha mstari mmoja, Namibia, Sierra Leone. Mkitaka kulizindua mbele ya wenzake, chagueni wikendi iliyo karibu na 14 Oktoba, Siku ya KDF, au Jumapili ya pili ya Novemba ambapo wastaafu huwakumbuka wenzao. Waarifuni DEFOCA mwezi mmoja kabla.

Na mpigieni ChapaKisumu usiku huu kama ile rasimu ya ami imeshapelekwa popote. Ule 1981 uondolewe kabla bango halijachapwa.